Mkate wa Siku ya Nne

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili asubuhi, tarehe 14.

Kwako mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Hujambo huko? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama trekta bovu? Kazi ya mtambo isikumalize. Ivae ile sweta niliyokufumia hata kama wenzako wanakucheka. Mimi ni mzima. Goti linauma kukiwa na baridi, lakini jiko la kantini halijui goti, kwa hiyo nasimama.

Barua yako ya mwisho ilikuwa ya mkeo, unamuuliza mbona kimya. Nimeifungua mimi, kwa sababu mkeo hayupo. Leo ni wiki ya tatu tangu aondoke. Kaa kitako usome. Nakueleza mwenyewe, maana kazi hiyo aliniachia mimi.

Ulipomleta, nilikuwa nimeishika nyumba hii miaka tisa. Tangu nilipoachika, ni mimi niliyemwogesha mama alipovunjika nyonga, na ni mimi niliyepita dukani kila jioni kumnunulia mkate wa kukatwa, ule laini wa kwenye mfuko. Sikusikia lalamiko hata moja. Halafu mkeo akaanza kukanda unga kwenye meza yangu. Siku wageni wa mjomba walipokuja, mama aliinua kipande akawaambia mbele yangu, "Tangu mwanangu aoe, ndiyo tumeanza kula mkate." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Lakini maneno yale yaliingia, hayakutoka.

Nikauwekea mkate wake mtihani. Wake na wa dukani, kabatini, bega kwa bega. Siku ya pili wake ulikuwa umeanza kukauka. Siku ya tatu ukawa wa kuchovya kwenye chai. Siku ya nne ukaota doa la kijani pembeni. Wa dukani, ndugu yangu, hata siku ya nane ukiubonyeza unarudi kama godoro jipya! Nikamwita mama aje ajionee. Mkeo wala hakukasirika. "Wifi, wa dukani umetiwa dawa ya kuzuia ukungu," alisema. "Wangu ni unga, hamira, chumvi na maji, basi. Ni wa kuliwa leo au kesho." Mama akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mbele ya mwalimu.

Siku moja msimamizi wetu wa kantini alimega kipande cha mkate wa mkeo kwenye chakula changu cha mchana, akauliza nani kaoka. Ningesema nini? Wiki iliyofuata mkeo akawa analeta mikate thelathini kila asubuhi, imefunikwa vitambaa vyeupe, mpaka mlango wa nyuma. Haikupita muda mafundi cherehani wa kiwanda kizima wakamwita Mama Mkate. Mimi nimepika pale miaka kumi na mmoja, wananiita "wewe wa jikoni."

Siku ya kwanza alinielekeza. "Usiufunge kwenye nailoni ukiwa wa moto, wifi. Utatoa jasho ndani, uote ukungu upesi. Na ukilala zaidi ya siku mbili, tupa."

Nilimsikia vizuri. Alhamisi moja nikachukua mikate minane ingali moto, nikaifunga kwenye nailoni, fundo juu ya fundo, nikaisokomeza kwenye kabati la nyuma ya birika kubwa la chai, penye joto. Jumatatu nikaitoa, nikaikata vipande. Niliona. Usije ukadhani sikuona. Nikaipeleka kwenye meza ya wakataji vitambaa, wale wenye midomo mirefu kuliko wote.

"Jamani, mkate umeota ndevu!" mmoja akapiga kelele. Msichana wa kushona vifungo alikuwa ameshameza chake, akakimbilia nje kutapika. Msimamizi akaagiza mkeo aitwe. Hakuwa mbali, alikuwa mlango wa nyuma akikunja vitambaa vyake. Wakamsimamisha katikati ya ukumbi, watu zaidi ya mia wamemzunguka na vikombe mkononi.

"Huu ni wako?" msimamizi akamuuliza.

Akautazama. "Ni wangu."

"Kama ni chakula, kula."

Neno moja tu kutoka kwangu lingetosha. Badala yake nilicheka. Wengine walicheka baada yangu, mimi ndiye niliyeanza. Mkeo akatia kipande mdomoni, akatafuna taratibu mpaka kikaisha, na muda wote ule hakumtazama msimamizi. Alitazama dirisha la jikoni, kwenye ile mifuko ya nailoni niliyosahau kuitupa.

Jioni akaja mlangoni kwangu. Hakupaza sauti.

"Wifi, ungeniambia tu nisilete."

"Ungeacha?"

"Ningeacha."

Nikamwambia hiki ni chumba changu, atoke. Akasema, "Mume wangu utamwandikia wewe. Nikimwandikia mimi, atadhani nakuchongea." Kulipokucha kitanda kilikuwa kimetandikwa, na yeye hayupo.

Mama nilimwambia mkwewe ameenda kuwasalimia kwao. Zilipita siku tano, kisha yule jirani yetu anayeshona kola kiwandani akaja kumsimulia alichokiona, mifuko na kicheko changu. Mama akaniuliza, "Ni kweli?"

"Ni kweli," nikamwambia. "Nimekurudishia mkate wako wa miaka tisa." Nikautua mbele yake ule wa dukani, na mfuko wake.

Hakuugusa. Tangu siku hiyo akawa anajipikia uji mwenyewe, ameegemea fimbo. Nikisogea kwenye sufuria, ananiambia, "Acha."

Jana mama naye ameondoka. Amemfuata mkeo kwao. Jirani ndiye aliyembebea sanduku. Nilimuuliza kizingitini, "Huko nani atakuogesha?"

"Mkwe wangu. Na siku zake zikifika, mimi nitamwogeshea mtoto."

Nikauliza mtoto gani. Akaniambia, "Ana mimba ya miezi minne. Ule ukungu wako ameula akiwa nayo. Mkunga amempima, mtoto hana tatizo. Anataka amwambie mumewe mwenyewe, kwa mdomo wake, akija likizo. Hilo usimnyang'anye."

Basi mdogo wangu, unatarajia mtoto, na aliyekwambia ni mimi. Ningeweza kuuruka mstari huo. Sikuuruka.

Wasalimie wenzako wa mtamboni, hasa yule mpishi wenu anayekuwekea chakula ukichelewa zamu. Mjomba fundi saa anakusalimu sana, yeye bado hajui lolote. Salamu za mama sina za kukutumia. Mwenyezi Mungu akulindie macho na mikono kwenye kazi hiyo, akurudishe salama, kwa mlango wowote utakaochagua kubisha.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kuliko nilivyowahi kuwapenda wao.