Tairi za Nyumba ya Kukokotwa

Mtani wangu Saidi,

Hujambo, mzee wa fitina? Mimi huku Stockholm naendesha nyumba barabarani. Haya, nimeongopa: nyumba inakokotwa na gari la binti yangu Rehema, na usukani sijaugusa. Wanaiita karavani, ina vitanda na jiko.

Juzi tulikwenda kuinunulia tairi. Za zamani zilikuwa vipara, na zingepasuka njiani, likizo ya Rehema ingeishia mtaroni. Mkwe wangu alitaka zile laini za gari dogo. Mimi, utingo mstaafu, nikang'ang'ania zenye meno makubwa ya kupandia matope.

"Baba," Rehema akacheka, "karavani haijisukumi, inavutwa tu. Meno ya nini?"

Mwenye duka akauliza tunabeba nini. Rehema akamfungulia mlango: gunia la mchele, kinu na mchi, masufuria ya pilau ya kulisha harusi. Mswidi wa watu akashika kichwa! Akatuletea tairi zenye ubavu mgumu, za kubebea mzigo, zisizo na meno ya maana. Tumefika ziwani tunakopiga kambi bila hata kuyumba, na majirani wa kambini wameshamaliza pilau yetu.

Msalimie shemeji, mwambie nimenenepa.

Sasa nakumbuka mkokoteni wangu huko nyumbani nimeufunga tairi za trekta, punda maskini anavuta meno bure. Nawe una deni langu: nilikuchimbia kisima bila kunywa hata chai yako. Basi nenda kazifungue, uufunge zile nyepesi zilizo nyuma ya banda la punda.

Wako, Mzee Kibwana