Anayebisha Hodi Tangu Asubuhi

Jumatatu, 4 Agosti

Hili sijamwambia mtu. Si Mama, si rafiki yangu Redio, si hata Bibi, ambaye yeye hunimwagia mambo yake yote, hata yale nisiyotaka kuyajua. Tangu Januari namrekodi Baba kwa siri.

Baba ni fundi wa piano. Karakana yake imepakana na chumba changu, ukuta mmoja tu. Simu yangu ya zamani, ile ya kioo kilichopasuka, inakaa kwenye rafu yake nyuma ya kopo la gundi. Asubuhi nikimpelekea chai naiwasha. Nikitoka shule naichukua. Mle ndani mna kila kitu: Baba anagonga uma wake wa chuma wa kupimia sauti kwenye goti, ule mlio mwembamba. Spana inazungusha msumari unaoshika waya. Kikohozi chake. Kifuniko cha piano kinafungwa. Na Baba mwenyewe akibembeleza, "hapo hapo, mama, hapo hapo" — piano zote kwake ni mama.

Halafu nazikata sauti hizo vipande vipande kwenye kompyuta, nazipanga upya. Kifuniko ndiyo ngoma yangu kubwa. Dum. Kikohozi nikikipa kasi kinakuwa kayamba. Uma unaelea juu. Nimetengeneza nyimbo saba. Ya saba niliiweka mtandaoni wiki tatu zilizopita, kwa jina la bandia. Watu elfu nne wameisikiliza. Elfu nne! Mimi, ambaye nikiitwa darasani naitika kwa sauti ya mbu.

Leo mchana Redio alikuja kuazima kitabu. (Tunamwita Redio kwa sababu hazimiki.) Akapita karakana kumsalimia Baba, simu yake mkononi inacheza — wimbo wangu. Hajui kuwa ni wangu. Baba akauliza, ni nini hicho? Muziki, mzee, wa kudansi. Baba akaweka spana chini, akainamisha kichwa, akasikiliza kwa utaratibu kama daktari anayesikiliza kifua.

"Huyu anabisha hodi tangu asubuhi," akasema. "Hakuna wa kumfungulia?"

Redio alicheka mpaka akakaa sakafuni. Na mimi nikacheka. Nimeucheka wimbo wangu mwenyewe, kwa meno yangu yote.

Baba hakuishia hapo. Alisema muziki lazima uwe na mkono wa mtu ndani yake. Mtu apumue, akosee kidogo, ajirekebishe. Hiki kimefyatuliwa tu kama tofali.

Lakini Baba, anayepumua mle ndani ni wewe.


Jumanne, 5 Agosti

Balaa. Mwalimu wa muziki amebandika hoja ya mdahalo wa Alhamisi: muziki wa dansi unaotengenezwa kwa kompyuta ni muziki wa kweli. Redio akapendekeza jina langu, eti kwa kuwa nyumbani kwetu kuna piano. Nikamkanyaga mguu. Akasema kwa sauti, mbona unanikanyaga?

Tukachomoa vijiti. Nimeangukia upande wa kupinga.

Yaani nisimame niupinge wimbo wangu mwenyewe.


Alhamisi, 7 Agosti

Tumeshinda. Sijui niandike nini zaidi.

Mdahalo ulikuwa kwa Kiingereza. Afadhali. Kwa Kiingereza naweza kusema nisichokiamini bila kutetemeka, kwa Kiswahili uso wangu hunisaliti. Nilisimama, nikasema maneno ya Baba yote. Mkono wa mtu. Pumzi. Tofali. Nilipofika kwa yule anayebisha hodi darasa zima lilipasuka kwa kicheko, na mwalimu akafuta machozi.

Mvulana wa upande wa kukubali aliuliza jambo moja tu: kama mtu amekaa wiki tatu akichagua sauti moja, mkono wake haumo? Nikajibu kwamba hata mpishi anayechemsha maji wiki tatu hajapika. Wakapiga makofi. Jibu la kijinga. Nililijua kuwa la kijinga nikiwa bado nalitamka.

Redio alishafika nyumbani kwetu na habari kabla yangu. Nilipoingia, Baba alinishika mabega mbele ya Mama na Bibi. Akasema, huyu ndiye mwanangu, huyu sikio lake limetoka kwangu. Bibi akadakia kwamba mke mwenzake amekuwa wakili, sasa nani atamwoshea vyombo? Huwa ananiita mke mwenzake, na huwa nachukia, lakini leo nilishukuru kuwa na pa kucheka.

Nimeukana wimbo wangu mbele ya watu arobaini na wawili, na Baba amefurahi hivi kwa mara ya kwanza tangu nimalize darasa la saba.


Jumamosi, 9 Agosti

Waya umekatika karakanani, kwenye piano ya hoteli ambayo Baba anaitengeneza tangu Machi. Nilikuwa nasoma, nikasikia PAA halafu Baba akinong'ona kitu ambacho Bibi angemchapa. Nikakimbia. Hakuumia. Akasema nyaya za siku hizi ni za hovyo, kiwanda kinachanganya chuma na uji.

Ni wa tatu mwaka huu. Wote watatu wa mwisho kabisa kulia, noti za juu.

Mimi (aibu yangu) niliwaza tu kwamba mlio ule ungefaa kwenye wimbo. Nikachukua simu nyuma ya kopo, nikaufungua kwenye kompyuta. Programu ina mstari unaoonyesha kila noti iko juu au chini kiasi gani. Nikaona noti zilizotangulia kabla ya waya kukatika. Ziko juu. Juu sana. Baba anakaza, anakaza, anauliza "bado, mama?" — na bado anakaza.

Nikafungua za Machi, piano ileile ya hoteli, noti zilezile. Zimekaa mahali pake. Za Mei, zimepanda kidogo. Juni, zaidi. Agosti — nilifunga kompyuta kama nimekuta mtu anaoga.

Si waya. Ni masikio ya Baba.


Jumapili, 10 Agosti

Labda mashine ndiyo inakosea. Baba mwenyewe aliwahi kunieleza kuwa noti za juu hukazwa kidogo kupita hesabu, makusudi, kwa sababu ndivyo sikio linavyotaka. Mashine haijui hilo, alisema. Ndiyo maana fundi halisi hatumii mashine.

Sawa. Lakini hata za Machi zilikuwa zimekazwa makusudi. Nimepima. Za sasa zimepita hapo mara tatu.

Leo mezani Mama alisema kwa sauti ndogo kwamba birika jikoni linapiga filimbi. Sote tuligeuka. Baba aliendelea kula.


Jumanne, 12 Agosti

Ijumaa kuna onyesho shuleni. Mpiga piano mgeni anakuja, mama mmoja anayefundisha chuoni, na Baba ndiye aliyeitwa kuiandaa piano ya ukumbi. Akaniomba nimsaidie kubeba mkoba. Hajawahi kuniomba. Ni kwa ajili ya ule mdahalo, najua.

Ukumbi mtupu unanukia nta ya sakafu. Nilikaa kwenye ngazi za jukwaa nikimwangalia. Noti za chini na za kati — jamani, hakuna kama Baba. Anaziba nyaya mbili kati ya tatu za noti moja kwa kipande cha mpira, anaisikiliza ya tatu, mkono unasogea unywele mmoja tu, na sauti mbili zinazogombana zinakuwa moja. Ningeweza kumtazama mpaka jioni.

Kisha akaenda kulia. Pole pole zaidi. Akainamisha sikio la kushoto, halafu la kulia. Akarudia noti ya mwisho mara kumi, kumi na tano. Ti. Ti. Ti. Mgongo wa shati ulikuwa umelowa.

Akaniita bila kugeuka.

"Mwanangu, wewe una sikio. Hii iko sawa?"

Haikuwa sawa. Sikuhitaji mashine. Ilichoma kama limau kwenye kidonda.

"Iko sawa, Baba."

Akakusanya vifaa haraka kuliko kawaida. Njiani hakuuliza kitu. Baba hajawahi kumuuliza mtu yeyote kama noti iko sawa, hata mara moja, tangu nizaliwe. Kwa hiyo anajua. Au anaanza kujua. Na mimi ndiye niliyemwambia alale salama.


Jumatano, 13 Agosti

Mwalimu wa muziki alinisubiri nje ya maktaba. Alizunguka kwanza: habari za nyumbani, mama hajambo, mzee hajambo. Kisha akasema piano ni nzuri sana, nzuri mno, ila kule juu... Akakuna kidevu. Akasema nimwambie Baba joto la ukumbi limelegeza nyaya kidogo, aje azipitie tena kesho saa kumi. Yeye mwenyewe hawezi kumwambia. Baba alimtengenezea piano yake ya kwanza, atamtazamaje machoni?

Kwa hiyo amenikabidhi uongo uliokwisha kufungwa vizuri, kazi yangu kuupeleka tu.

Lakini Baba akirudi na masikio yaleyale atakaza zaidi. Waya utakatika, kesho au Ijumaa usoni mwa yule mama mpiga piano, mbele ya wazazi wote.

Nikamwendea Bibi, anachambua mchele uani. Nikauliza kwa kuzungukazunguka (nimejifunza kwa mwalimu), Babu aliachaje kazi? Babu ndiye aliyemfundisha Baba ufundi. Nilidhani atanitania. Akaacha kuchambua.

Akasema Babu masikio yalimtoka pole pole, na yeye Bibi alijua kabla ya mtu yeyote, kwa sababu Babu alianza kumjibu maswali ambayo hakumuuliza. Bibi akalinyamazia miaka miwili. Alimhurumia. Watu nao walimhurumia, wakaacha tu kumwita. Kila asubuhi Babu anavaa, anapiga viatu rangi, anakaa barazani na mkoba wake magotini akisubiri kuitwa. Mpaka mtoto mmoja wa jirani akamwambia ukweli kwa kumcheka.

"Nilimhurumia mpaka akaaibika," Bibi akasema. Halafu, "Haya, mke mwenzangu, usinisimamie kwenye mwanga, sioni mawe."

Sikumuuliza kama anajua ya Baba. Anajua. Mikono yake ilikuwa inachambua palipokwisha kuchambuliwa.


Alhamisi, 14 Agosti

Saa nane na nusu mchana. Leo tumetoka mapema kwa ajili ya mazoezi ya onyesho. Saa kumi Baba anatakiwa ukumbini. Nimeufikisha ujumbe wa mwalimu jana jioni, neno kwa neno, joto na nyaya zake. Baba alisema "aa, joto," akanawa mikono.

Nimefanya jambo. Naandika haraka.

Kumwambia kwa mdomo nimeshindwa. Nilijaribu asubuhi na chai, nikaishia kusema sukari imepungua. Kumwekea rekodi zile zilivyo haisaidii — zile noti ndizo asizozisikia vizuri, atasikia tofauti gani? Nilikaa na hilo mpaka kichwa kikaniuma. Kisha nikakumbuka kile ninachofanya kila siku kwenye nyimbo zangu: kikohozi nakipandisha, kifuniko nakishusha. Basi nikazishusha noti za Baba. Za Machi na za Agosti, zote kwa kipimo kimoja, hatua kwa hatua, mpaka zikafika pale masikio yake yanapofika bado. Pale chini, ambako hakuna anayemshinda. Pale tofauti inalia yenyewe, hata Redio angeisikia.

Nimeweka kompyuta kwenye meza yake ya kazi, hedifoni juu yake. Nimeandika kwenye kipande cha boksi: Baba, anza na Machi, kisha Agosti. Ni zile za juu, nimezishusha. Nisamehe nilikurekodi. Nisamehe juzi ukumbini. Cha tatu ni muziki, usiucheke kabla haujaisha.

Wa tatu ni wimbo wangu wa saba. Sijui kwa nini nimeuweka. Ningeweza kuficha hilo, angalau hilo. Lakini nikimvua Baba nguo na mimi nabaki na koti, huo ni usawa gani?

Ameingia karakanani dakika ishirini zilizopita. Nimesikia kiti kikiburutwa. Kisha kimya. Mwenye hedifoni hasikiki, hilo sikuliwaza, nimekaa hapa kama anayesubiri matokeo ya mtihani wa mtu mwingine.

Amesimama. Anapiga piano ya hoteli. Ti. Ti. Noti ya mwisho. Sasa anapiga ileile chini, chini zaidi, analinganisha. Ti.

Spana imeanguka. Au ameiweka chini kwa nguvu.

Kiti kimelia, amekaa tena. Wimbo wangu ni dakika nne na sekunde kumi. Naangalia saa. Dakika tatu. Nne. Umekwisha. Hajatoka. Labda hakuusikiliza. Labda ameuacha pale kwenye hodi ya kwanza.

Dakika nane sasa. Tisa. Angeweza kuwa ameusikiliza mara mbili.

Mlango wa karakana. Kandambili zake. Hazielekei getini, na mkoba sisikii ukigongana na ukuta kama kawaida. Zinakuja huku. Baba huwa habishi hodi kwenye mlango huu, huniita jina akiwa mbali nikajua kutoka. Hajaita.

Amesimama nje. Naona kivuli cha miguu chini ya mlango.

Anagonga. Dum. Dum. Dum. Dum. Mapigo manne, sawasawa, kasi ileile ya wimbo, hajakosea hata unywele.

Tena manne.

Ngoja nifiche daftari hi