Kwa Nini Kigari Chako Kilipinduka, Shangazi

Shamba la Hruska,
Karibu na Wahoo, Nebraska.
Tarehe 22 Septemba, 2019

Mpendwa Shangazi Verlene,

Shikamoo. Anayekuandikia ni dereva hodari kuliko wote waliowahi kufunga mkanda wa gari, tangu Nebraska hadi huko kwenye barafu yako. Koni za plastiki za uwanjani zikiniona zinasogea zenyewe. Wasichana wa Wahoo wameanza kuja uwanjani na viti vyao, na mmoja alinipungia mkono, ingawa baba anasema alikuwa anafukuza nyigu.

Hujambo lakini? Mgongo unaendeleaje na yale masanduku ya samaki? Huko Kodiak mmeshaanza kuvaa makoti mawili, au bado moja? Sisi hatujambo. Mahindi yamekauka vizuri. Goti la Bibi Libby linamsumbua akipanda ngazi tu, akicheza polka linapona. Mwandiko wangu uuvumilie. Mimi na shule tuliachana, na kati yetu hakuna aliyelia.

Habari kubwa: nimenunua kigari kama kile chako! Kimeinuka kwenda juu, kifupi kwenda nyuma, hakina mkia, nyuma kina mlango kama kabati, na ukikikanyagia mafuta kinaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Chako kilikuwa cha bluu. Changu chekundu, kwa hiyo kina kasi zaidi.

Nikakipeleka kwenye mbio za koni, zile za kukata kona kati ya koni mmoja mmoja huku mkipimwa muda, pale pale kwenye uwanja wa ndege wa zamani. Bwana Orville Stanek, yule mkaguzi wa usalama wa klabu, hata salamu hakunipa. Alitoa tepu yake, akapima toka chini hadi paani, akapima toka tairi la kushoto hadi la kulia, akatikisa kichwa.

"Kimo kimezidi upana. Rudisha nyumbani, kijana. Sheria ya Verlene hiyo."

Ulijua kuwa wana sheria yenye jina lako? Tangu siku ile ulipopinduka, gari lolote ambalo kimo chake kinazidi upana wake halikanyagi uwanja ule. Wanaitaja kama watu wanavyotaja ugonjwa. Na wakishaitaja, lazima mmoja aseme, "Mama yule alikata kona kama anawahi choo," na wenzake wacheke. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka ulivyotoka dirishani bila hata mkwaruzo, ukavua helmeti, ukasema hukukosea kitu. Hakuna aliyekuamini. Mwaka haukuisha ukaenda Alaska, na Krismasi zote tangu hapo tumekuwa tukikusikia kwenye simu tu.

Basi jambo hilo likanikaa kichwani. Nafasi ya kukaa ilikuwepo, humo ndani kuna vyumba vingi vitupu. Kigari kile kile, dereva yule yule, kona uliyokuwa unaipita kila mara: kwa nini siku ile? Na mbona vigari kama hivyo vimejaa barabarani, vinapeleka watoto shule, na havipinduki? Nilimwuliza Stanek, je, nikishusha springi? Akasema ruhusa, ila nikishusha tu, naingia kundi la magari yaliyochokonolewa na mafundi yaende kasi, na wenyewe watanitafuna mimi na springi zangu. Lakini mimi sikutaka kushusha kitu. Nilitaka kujua.

Nikampelekea swali Babu Emil. Unamjua baba yako, ukimpa swali na trekta anasahau chakula. Tuliilaza ile ngazi pana ya mbao ya kupakilia ng'ombe, tukakipandisha kigari juu yake kikae kimekingama, tukakifunga minyororo tukiilegeza ili kikianguka kisife. Kisha Babu akaanza kuinua upande mmoja wa ngazi kwa trekta, taratibu, kama anamnyanyua mgonjwa. Nikalala chini kwenye nyasi kuangalia magurudumu ya juu yatanyanyuka lini. Hayakunyanyuka! Kigari chote kiliteleza chini kama sahani yenye mafuta. Tukarudia, kikateleza tena.

"Hiki hakianguki," Babu akasema. "Kinakimbia kabla ya kuanguka."

Nikawaalika klabu nzima Jumapili waje waone. Bibi akaoka kolache, vile vimkate vyake vitamu vya plamu, basi wakaja hata wasiojua gari lina magurudumu mangapi. Kigari kikateleza mbele ya macho yao, nami nikapiga mluzi. Stanek akameza kwanza kolache yake.

"Vizuri. Lakini Verlene hakuwa na tairi hizi siku ile. Alikuwa na zile laini za mashindano, zinazonata."

"Za kutoka Omaha!" Babu akadakia, kifua mbele. "Nilizifuata mwenyewe, nikamfungia asubuhi ile ile nimshangaze. Wewe Orville unazo za namna hiyo kwenye tela lako. Zilete tufunge, acha uchoyo."

Zikaletwa, tukafunga. Babu akapanda trekta lake, akainua. Pale kilipoteleza mwanzo, safari hii hakikuteleza. Tairi zilishika mbao kama zimepigiliwa misumari. Akainua tena. Magurudumu mawili ya juu yakaachana na mbao, polepole, kigari kikasimama upande, minyororo ikalia.

Shangazi, hapo ndipo nilipoelewa, na sijawahi kuelewa kitu darasani kama nilivyoelewa hapo. Tairi la kawaida linakusamehe. Ukizidisha mwendo kwenye kona, linateleza, gari linapoa. Tairi linalonata halisamehe. Miguu inashikwa chini, mwili unaendelea na safari, kama mtu aliyejikwaa kizingitini. Kwenye gari pana lenye kimo kidogo si neno. Kwenye kigari chenye kimo, ndiyo basi.

Nikaruka juu ya pipa. "Mmeona, enyi mabata? Si Shangazi! Si kona! Ni tairi za Babu!"

Watu wakapiga makofi, wakacheka mpaka kolache zikawapalia. Mmoja akamwita Babu fundi wa kupindua mabinti. Mimi nilicheka kuliko wote.

Stanek, nimpe haki yake, alivua kofia akasema klabu ilikukosea. Sheria wameiandika upya: vigari vyenye kimo ruhusa, ila kwa tairi za kawaida tu. Jina lako limeondolewa. Wanauliza kama utakuja kuendesha theluji ikiyeyuka. Mimi nimeshaendesha. Kila koni ukiigonga wanakuongezea sekunde mbili, kwa hiyo kwa hesabu yao bado niko njiani mpaka leo. Wivu huo.

Baba anakusalimu, anasema ile misumeno yako bado iko salama kwake. Bibi Libby anakubusu mashavu yote mawili na anakuombea usiku na asubuhi. Mungu akukinge na baridi na utelezi wa huko, na akurudishie nguvu za mgongo.

Salamu za Babu sina. Jumapili ile watu walipoondoka alikunja minyororo peke yake, nami nikamkuta amekaa juu ya trekta lililozimwa. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo mwanangu aliondoka nyumbani kwa sababu yangu?" Tangu hapo haji uwanjani. Kwenye kona ya mwisho, alikokuwa anasimama kuokota koni, anasimama mtu mwingine. Trekta analiendesha baba. Nilitaka kukusafisha wewe mbele ya watu, nikampaka matope yeye mbele ya watu hao hao, tena nikiwa juu ya pipa, nikicheka. Nimeharibu, Shangazi. Nimejaribu kumwambia kuwa hakujua, kuwa ilikuwa zawadi, lakini ananitazama kama mtu anayesubiri kusikia sauti nyingine, ile tunayoisikia Krismasi tu.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda hata ukinitukana,
Colter