Nyuma ya Shamsa

Jumapili, 7 Februari 2016
Huku kwa Waarabu wiki huanza Jumapili, na imeanza kama kawaida. Sauti za herufi zuliani, maziwa, foleni ya choo, kisha nusu saa ya kusoma peke yao. Kila mtoto na kitabu chake na mto wake. Mwalimu hana kazi wakati huo ila kukaa. Hapo ndipo ninaposhindwa. Nazunguka, nainama, nanong'ona. Madam Rania, mkuu wetu wa chekechea, alipita dirishani akaniashiria nikae. Nilikaa. Mara nikainuka.

Shamsa ndiye furaha yangu. Alikuja hajui hata herufi moja. Sasa nikikaa mbele yake anafungua kitabu cha meli na kukimaliza. Mama yake nimeshamwandikia: binti anasoma. Atakuja siku ya wazazi, Alhamisi ya wiki ijayo.

Jumatatu, 8 Februari
Mafua. Vumbi la jana limeniingia kifuani. Zuhura, Mzanzibari ninayeishi naye chumba kimoja, alinichemshia tangawizi kabla ya kwenda zamu yake hotelini Marina. Kasema nipumzike leo. Nipumzike vipi? Mkataba unaisha Juni na hakuna aliyenitamkia neno.

Jumanne, 9 Februari
Nesi wa shule kanipa kitambaa cha kuziba pua na mdomo. Nivae au nirudi nyumbani. Nikavaa.

Shamsa alifungua kitabu cha meli. Akanitazama. Akangoja. Nikamwonyesha neno la kwanza kwa kidole. Akanyoosha mkono akitaka kukivuta kitambaa. Hakusoma neno. Kitabu kile kile!

Labda nilimtisha.

Jumatano, 10 Februari
Nimejua. Nilisimama mbele ya kioo cha choo cha walimu, nikashusha kitambaa, nikakisoma kitabu cha meli kimoyomoyo. Midomo inacheza yenyewe. Kwenye B inabana. Kwenye O inakuwa duara. Siwezi kuizuia.

Shamsa hasomi kitabu. Ananisoma mimi.

Aibu kwanza. Halafu hasira. Sasa hofu.

Alhamisi, 11 Februari
Nilikaa nyuma yake. Aligeuka, nikahama. Akageuka tena, nikahama tena. Akalia. "Miss, nataka uso," alisema. Sikumpa. Nimejiona katili siku nzima.

Ijumaa, 12 Februari
Mapumziko. Nimefua, nimepiga pasi, nimefua tena nguo ambazo hazikuwa na uchafu. Mtaa wetu wa Discovery Gardens wote kimya, mimi tu nahangaika na ndoo.

Nilimweleza Zuhura. Nikasema pengine nikae mbele ya Shamsa siku hiyo moja ya wazazi tu, wazazi wakishaondoka nianze upya na mtoto.

"Na Septemba akiingia darasa la kwanza, utakwenda naye?" akauliza.

Nikarudi kwenye ndoo yangu. Kilichoniuma ni kwamba amesema kweli.

Jumatatu, 15 Februari
Shamsa kasoma maneno mawili. Mwenyewe, kidole chini ya herufi. Kisha akakitupa kitabu.

 Bado sijamwambia Madam Rania.

Jumatano, 17 Februari
Nimemwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ndiye uliyemwandikia mama yake, Wanjiru. Wewe ndiye utakayemweleza."

Habari ya mkataba hakuigusa. Sikuthubutu kuuliza.

Alhamisi, 18 Februari
Mama Shamsa alikuja na bibi yake mtoto. Wakakaa kwenye vile viti vidogo, simu tayari kurekodi. Shamsa alinitafuta kwa macho. Nilikuwa nimeshakaa nyuma yake.

Akafungua kitabu cha meli. Nilibana midomo, ingawa hakuna aliyekuwa akiitazama.

Akaanza. Herufi, herufi, neno. Palipoandikwa «ship», meli, akasoma «shop», duka. Akasita. Akaangalia picha, akarudi kwenye neno, akalisahihisha. Hakuna aliyemwambia. Alisoma kurasa tatu, akafunga kitabu. "Khalas." Kwisha.

Mama yake akateremsha simu. "Uliniandikia kwamba anasoma kitabu kizima."

"Nilikuwa nakisoma mimi, madam, bila kujua. Yeye alifuata midomo yangu. Hizi kurasa tatu ndizo zake."

Bibi hajui Kiingereza. Aliuliza, akatafsiriwa. Akacheka kwa sauti, akamvuta mjukuu na kumbusu kichwani. Mama hakucheka. Aliondoka bila kuniaga.

Nilirudi kwa metro nimesimama, na viti vilikuwepo.

Jumapili, 21 Februari
Hakuna habari. Kila mlango ukifunguliwa nadhani ni mimi ninayeitwa.

Jumanne, 23 Februari
Madam Rania aliniita. Mama Shamsa ameandika. Halalamiki. Anauliza mtoto akikwama nyumbani angoje kiasi gani kabla ya kumsaidia. Tukajibu pamoja. Mkataba wangu utazungumzwa baadaye, inshallah. Si ndiyo, si hapana. Nimeshindwa hata kukasirika.

Baada ya maziwa, watoto walichukua vitabu. Shamsa akauburuta mto wake hadi karibu na dirisha, mbali nami. Kitabu kipya, cha paka. Alisoma kwa mnong'ono. Alikwama, akarudi nyuma, akapita. Alipofika mwisho alikirudisha kikapuni akachukua kingine.

Hakunitazama.

Nikapanga kalamu za rangi, ambazo zilikuwa zimeshapangwa.