Sehemu Mbili za Mama Bertille

Mpendwa Mama mshauri wa redio, naomba msaada wako, moyo umenilemea, ingawa kwanza namshukuru Mungu kwa ajili ya marehemu Papa Symphorien, aliyenifundisha kukereza chuma hapa Kalemie, akanivumilia miaka kumi na moja, akanigawia hata ndakala, dagaa wake wa saa sita, na alipofariki mwezi wa tatu akaniachia palmeri yake, kile chombo cha kupimia unene wa chuma.

Palmeri hiyo ukiifunga kabisa haisomi sifuri, inasoma sehemu mbili za mia za milimita. Papa alizitoa kichwani kila alipopima, akicheka kuhusu mke wake: "Hizi mbili njo za Mama Bertille, bibi yangu. Lazima nimupelekee." Nami nazitoa vile vile, nikimsikia, na kazi yangu inatoka sawa. Sikutaka kuirekebisha, niliona kama nitamfuta.

Jumatano mwenzangu Edouard aliniomba palmeri, nikampa, nikasahau kumwambia. Akakereza aksi, ule mhimili wa pampu, akasoma milimita arobaini kamili, kumbe imepungua zile mbili, ikacheza ndani ya rulma, beringi yake. Shefu akamfokea: "Sitwayen, niliomba aksi, umeniletea mwiko wa kusongea bukari!" Edouard akajibu tu: "Shefu, nilipima mara tatu." Lilikuwa pande letu la mwisho la chuma hicho. Mwisho wa mwezi atafukuzwa, naye ndiye aliyebeba msalaba mbele ya jeneza la Papa, na mimi nilikuwa pale shefu akimfokea, nikanyamaza. Nikisema, watairekebisha palmeri. Nifanye nini?

Kalenga, mkereza chuma

Kalenga, pole kwa msiba. Shukrani yako ni nzuri, lakini umekipa chombo, ukamnyima muntu. Papa Symphorien alizitoa zile mbili kwa sababu alizijua. Edouard angezijua wapi? Kusahau kunasameheka. Lakini kunyamaza kwako ulikupima mwenyewe, ukaona kunakutosha.

Unaogopa kumfuta marehemu? Kwani amekaa ndani ya skrubu ya palmeri? Yumo katika mikono yako, kila aksi inapoingia bila kucheza. Irudishe palmeri kwenye sifuri, na uifanye wewe, kwa mkono aliokufundisha.

Leo Jumapili shefu yuko nyumbani. Usingoje barua ya kumfukuza mwenzako ipigwe mhuri, shefu ataona haya kuirarua. Mpitie Edouard kwanza, umwombe msamaha mbele ya mke wake. Kisha nendeni wote wawili, uifunge palmeri mbele ya macho ya shefu, asome mwenyewe zile mbili kabla hujairekebisha.

Sasa zima redio, Kalenga. Vaa viatu.