Simu Iliyolia Ndani ya Sanduku la Spana

Mwanangu,

Chakula kiko kwenye hotipoti. Bomba la jikoni usiliguse, bado linavuja. Mganga hajigangi, na fundi bomba vilevile.

Asubuhi nilimwaga begi lako la shule mbele ya rafiki yako, nikitafuta simu yangu. Tuliipigia, hatukusikia kitu, nikasema umeizima ukaificha. Ukaondoka unalia. Kumbe jana niliiweka kimya mwenyewe, nikaisahau kwenye sanduku la spana.

Saa moja na nusu ikalia humo humo. Mimi nilidhani simu ikiwekwa kimya imefunga mdomo kabisa. Kumbe inawanyamazisha wanaopiga tu, alamu inalia kama kawaida. Na alamu yenyewe uliitega wewe. Kwenye kioo imeandikwa: "Baba, dawa ya presha."

~~Lakini na wewe siku ile ulipoichukua simu bila kuniuliza~~

Hapana. Hayo yalikwisha, ya leo ni yangu.

Mwambie rafiki yako apite jioni. Nilikuaibisha mbele yake, basi na msamaha nitauomba mbele yake.

Dawa nimekunywa.

Baba yako