Marobota Juu ya Zege

Jumanne, 4 Machi

Zege! Ua mzima zege!

Nimetoka kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mikono inanuka dawa ya mashuka, nasukuma geti, naona kijivu kitupu kutoka ukuta hadi ukuta. Fundi anaosha koleo lake. Bustani ya Mama haipo. Mchicha uko chini. Biringanya chini. Hata mpilipili ule uliokuwa ndiyo kwanza umeanza kuzaa — chini.

Nikauliza, nani kasema? Fundi kanyoosha kidole kibarazani. Kaka yangu. Bwana Mkubwa mwenyewe, kakaa pembeni ya Mama, anakunywa chai. Akanikumbusha kwamba Mama aliteleza kwenye tope akavunjika nyonga. Ananikumbusha mimi! Nani alimwinua siku ile? Nani anamwogesha mpaka leo?

"Ungetuuliza basi," nikamwambia.

"Mdogo wangu, usalama wa mzazi haupigiwi kura."

 Kaka alipoondoka ndipo Mama akasema, kaka yako ananionea uchungu. Nimeosha vyombo kwa kelele mpaka sahani moja ikapasuka. Basi na ipasuke.

Alhamisi, 6 Machi

Mama anakaa kibarazani anaitazama sakafu kama mtu anayetazama televisheni iliyozimwa. Mkongojo wake mapajani.  Wifi yangu humletea chakula cha mchana nikiwa kazini — nyumba yao iko mtaa wa pili tu — anasema Mama anakigusagusa na kukirudisha.

Leo kazini nimelisha mashine ya kupiga pasi mashuka kwa nguvu hadi shuka moja likakwama. Dereva wa gari la mashuka akaniambia, dada, hasira hasara. Nikamjibu, hasara nimeshapata, niache na mimi nipate hasira. Akacheka yule! Sikuwa natania.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa mfugaji kuchukua maziwa. Nyuma ya banda la ng'ombe kuna robota, furushi la mabua ya ngano lililofungwa kamba, lililolowa mvua wakalitupa huko. Juu yake — mboga ya maboga! Imetambaa pande zote, ina maua, ina boga moja ukubwa wa kichwa cha mtoto. Udongo hakuna hata konzi.

Mfugaji kasema ilijiotea. Mkewe ndiye aliyenieleza vizuri: mabua yakilowa yakaoza kwa ndani, yanakuwa chakula cha mmea. Siku hizi anapanda nyanya humo kusudi. Unalowesha, unatia mbolea, robota linachemka ndani kwa ndani, unangoja lipoe, unapanda. Kasema, usisahau kungoja lipoe. Kalisema mara mbili.

Nikalipima kwa mwili wangu. Ukikaa kwenye kiti, juu ya robota panakufika kiunoni. Hakuna kuinama. Hakuna tope.

Bwana Mkubwa kamwaga zege. Sawa. Nitapanda juu ya zege lake!

Jumapili, 9 Machi

Marobota sita. Dereva kayaleta kwa gari la rafiki yake, malipo yake chupa nzima ya chai na maneno mengi. Tumeyapanga kando ya ukuta, upande wa jua la asubuhi. Kamba zimekaa ubavuni, mabua yaliyokatwa yakatazama juu, maji yapenye. Tumeacha nafasi kiti cha Mama kipite katikati.

Mama kauliza, tumeanza kufuga? Nikamwambia ni bustani.  Akasema, "Haya." Haya tu! Lakini jioni kamaliza chakula.

Alhamisi, 13 Machi

Namwagilia kabla ya kwenda kazini na nikirudi. Natia mbolea ya urea, namwagilia tena. Yananuka, sikatai — kama choo cha ng'ombe aliyekula sabuni. Nimeingiza mkono ndani nikautoa haraka. Moto! Nimefurahi kama mwendawazimu.

Bwana Mkubwa kapiga simu. Wifi keshamweleza. Eti anasikia nimegeuza nyumba ya wazazi kuwa zizi. Eti Jumapili atakuja kuangalia. Njoo! Utakuta kijani kitupu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimenunua miche ya nyanya, hoho na spinachi. Mama kaegemea mkongojo wake, katia vidole kwenye robota la kwanza. Kasema bado, mwanangu, hapa pana homa. Nikamwambia kesho Bwana Mkubwa anakuja. Akasema, kwa hiyo miche inapandwa kwa ajili yake?

Nimepanda yote.

Jumapili, 16 Machi

Imekufa yote. Imeiva! Mizizi imekuwa kama mboga iliyosahauliwa jikoni. Naye Bwana Mkubwa kaja, kachomeka kijiti cha meno mdomoni, kapita robota moja baada ya jingine mikono nyuma, kama mkaguzi. Akasema, mdogo wangu, hii supu itakuwa tayari saa ngapi?

Wifi kacheka. Mama pia kacheka! Nimemwona. Kafunika mdomo kwa kanga lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

Sitaki kuandika zaidi.

Ijumaa, 28 Machi

Yamepoa. Mama ndiye aliyethibitisha — kila asubuhi anaingiza mkono, anasikiliza kama daktari, anatikisa kichwa. Leo kakubali. Tumepanda pamoja. Mimi natoboa shimo, natia udongo kidogo wenye mboji, yeye anashika mche kwa vidole viwili na kuukalisha. Mikono yake haikutetemeka. Siku zote asubuhi inatetemeka hata kwenye kikombe.

Kasema naminya sana udongo. Kasema napanda kama mtu anayezika.  Hii ni kazi yangu, mawazo yangu, mgongo wangu — na mtu kakaa kwenye kiti ananiamrisha. Lakini kazungumza saa nzima! Tangu avunjike nyonga hajawahi kuzungumza saa nzima.

Jumamosi, 12 Aprili

Mboga zimeshika. Spinachi tumeshaanza kuchuma majani. Mama haondoki pale. Anahama na kiti chake robota kwa robota, anakonyoa vichipukizi, anawatoa wadudu kwa kucha na kuwatukana mmoja mmoja.

Sasa sikiliza. Jirani wa nyuma kaja kuomba spinachi. Mimi niko jikoni, dirisha wazi. Jirani anasifia, mashallah, nani kakutengenezea? Na Mama yangu mzazi, aliyeninyonyesha, anajibu: mwanangu wa kiume. Aliona nateseka na tope, akanisakafia, akaniwekea bustani ya juu nisiiname.

AKANIWEKEA!

Nilikuwa na kisu mkononi, nakata kitunguu. Nikakiweka chini taratibu.

Jirani alipoondoka nikamfuata Mama. Mama, nani kaleta marobota? Kasema, wewe. Nani kamwagilia? Wewe. Mbona umesema Kaka? Akanitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Watu wakijua mwanangu ananijali, kuna ubaya gani?"

"Na mimi si mwanao?"

"Wewe upo," akasema.

Nipo. Ndoo ipo. Mlango upo. Na mimi nipo.

Jumapili, 13 Aprili

Sijamwagilia leo. Na yanywe zege!

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemwagilia kabla sijavaa hata viatu. Majani yalikuwa yamelegea, nikaona haya. Mmea haujamsifia mtu yeyote.

Jumamosi, 10 Mei

Uyoga umeota ubavuni mwa marobota, mwembamba, wa kijivu. Mke wa mfugaji alishaniambia utatokea, ni mabua yanaoza, usiule, uache ujifie. Wifi kauona mchana, kapiga kelele mtaa mzima: sumu! Kapiga picha akamtumia mumewe — uyoga, doa la maji kwenye zege, hata ndala zangu.

Bwana Mkubwa kapiga simu. Kasema Mama atavuta vijidudu. Kasema sakafu yake inaharibika. Sakafu YAKE. Kanipa mpaka mwisho wa mwezi nitoe uchafu huo. Nikamwuliza, bustani ikitoka, Mama atashinda wapi? Kasema atamnunulia maua ya plastiki, mazuri, hayanuki.

Nilikata simu. Ni mara ya kwanza maishani kumkatia kaka yangu simu. Nikatamani apige tena nimkatie tena.

Jumapili, 1 Juni

Mwezi umeisha. Marobota yapo. Yamebonyea kama magodoro ya gesti, lakini yapo, na nyanya zimeanza kuwa nyekundu. Mama hataki nichume. Anasema zile ni za kumwonjesha kwanza kaka yako. Nimekwenda kulala bila kuaga.

Alhamisi, 5 Juni

Leo. Leo! Ngoja nitulie kwanza.

Bomba la jikoni limevuja, nikamwita fundi yuleyule aliyemwaga zege, maana ndiye anayejua mabomba yalipopita. Kaja jioni. Kamaliza, kapita uani, kaona marobota, akatingisha kichwa. Kasema, dada, hivi mtayahamishia wapi lori likija?

"Lori gani?"

"La kaka yako."

Akaona uso wangu akajua kaharibu. Lakini maneno yakishatoka hayana mkia wa kuyavutia. Akajitetea: yeye kaambiwa mapema tu, tangu siku ya kwanza, weka nondo, tena nene, gari zito litalala hapa. Kwani mimi nilidhani nondo zote zile za nini? Za bibi na mkongojo?

Nyonga ya Mama. Tope. Usalama wa mzazi haupigiwi kura. Na mtu kakaa pale anakunywa chai yangu! Kumbe anajenga gereji. Kamfukia mama yake mboga apate kuegesha lori, kisha akakubali ashukuriwe!

Nikaingia chumbani kwa Mama nikamwaga yote. Nilipiga kelele, naandika ukweli. Mama kanisikiliza mpaka mwisho. Halafu kasema fundi ni mwongo. Kasema mimi tangu utotoni napenda kumsema mwenzangu. Kasema mtoto aliyemzaa yeye hawezi.

Nikasema, basi mwulize mwenyewe.

Kageukia ukutani.

Ijumaa, 6 Juni

Hatusemeshani. Nimempikia, kala. Nimemwogesha, katazama pembeni. Kazini nimefua mashuka ya wodi tatu na sikumbuki hata moja. Dereva kaanza kusema kitu, kanitazama, kakiacha. Ana akili yule kuliko nilivyodhani.

Wifi kapita jioni, safari hii bila kelele. Kasimama karibu na nyanya, kasema kwa sauti ndogo kwamba lori linaletwa kesho. Kasema alimwambia mumewe aseme ukweli, hakusikilizwa. Nikamwuliza mbona hukuniambia mimi. Kasema, wifi, wewe una pa kupelekea hasira zako. Mimi nalala naye chumba kimoja.

 Na mimi nilikuwa nimejiandaa kumchukia.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika nimesimama, daftari liko juu ya beseni, niko mlango wa jikoni. Lazima niandike la sivyo nitatoka nikaseme neno lisilorudi.

Lori liko getini. Jekundu, refu, pua yake imeupita ukuta kwa kimo. Bwana Mkubwa kaja nalo asubuhi, kapiga honi kama harusi. Kaniita nitoe "mabua yako" haraka, na vijana wawili wa kubeba kaja nao. Nikaenda kufungua geti — naam, mimi, miguu ilikwenda yenyewe, miaka yote nikisikia honi yake nafungua.

Mama akasema, "Acha."

Alikuwa katikati ya marobota kwenye kiti chake, sufuria ya nyanya mapajani. Kumbe kaanza kuchuma! Zote, hata zile za kumwonjesha Kaka.

Bwana Mkubwa kapitisha kichwa juu ya geti, kasimama kwenye ngazi ya lori. Mama, shikamoo, waambie wafungue, nimeziba njia. Mama hakuitikia shikamoo. Akamwuliza, taratibu, ile sauti ya kutuuliza nani kamaliza sukari:

"Zege hili ulimmwagia nani?"

"Mama, tutaongea ndani. Magari yanasubiri."

"Nimekuuliza."

"Si ni kwa ajili yako, Mama! Uliteleza! Na lori nalo litakuwa hapa pembeni tu, hata hutaliona!"

Mama kaitazama ile pua nyekundu iliyojaa geti zima.  Halafu akarudi kwenye nyanya. Chukua, weka sufuriani. Chukua, weka.

Tangu hapo hajasema naye neno. Nyuma ya lori kuna magari matatu, wanapiga honi, mtu anatukana. Wifi kasimama barabarani upande wa pili, mikono kifuani, hamsaidii mumewe hata kidogo. Vijana wa kubeba wamekaa chini wanangoja mkubwa wao aamue. Mkubwa wao sasa ananiita mimi. Anataja jina langu kamili. Mdogo wangu, fungua, usimwache Mama atuaibishe.

Ufunguo uko mfukoni mwangu. Umepata joto.

Mama naye kaniita. Bila kugeuka, kasema nimletee maji. Nikauliza kwa sauti, maana honi zinaziba masikio, ya kunywa?

"Ya kunywa ya nini, kwani aliyenyauka ni mimi? Lete ndoo. Na ukija, kaa upande huu."